Mkeshaji wa Vuai

Anayeingia nchi ya Makesha hukaguliwa macho kwanza, mizigo baadaye. Machano alipofika langoni, afisa mmoja alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye jua, akayatazama macho yake kama mnunuzi anayetafuta samaki asiyechacha.

"Meupe," alisema afisa kwa masikitiko. "Umelala wewe."

"Nimelala, ndiyo. Tena nimelala vizuri."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio.

"Punguza sauti, bwana," afisa alimnong'oneza. "Hayo ni maneno ya kusema mbele za watu?"

Huyo ndiye Bwana Mboni, wa Idara ya Usawa wa Macho. Kila mgeni mwenye macho meupe hupewa mtu wa kumchunga, na Machano alipewa yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu kama pilipili iliyoiva, na aliyajivunia, ingawa Machano alikuja kumkuta asubuhi moja nyuma ya ofisi akijisugua kitunguu chini ya kope. Maafisa wenzake walikuwa wamepanga mstari, wanangoja kitunguu hicho hicho.

Sheria ya Makesha ni fupi: hakuna kulala mpaka Mnara uishe. Na Mnara hauishi, kwa sababu kila ukikaribia kuisha Baraza huongeza ghorofa. Basi watu wako macho usiku na mchana. Wapo wanaobeba mawe, wapo wanaowasimamia wabeba mawe, na wapo wanaowasimamia wasimamizi. Wakubwa wao wana nyumba ya mapazia mazito nyuma ya Baraza, ambamo huingia "kutafakari" na kutoka na alama za mto shavuni. Hilo haliitwi kulala. Lakini usidhani watu wale wameungwa na kazi. Wameungwa na wivu. Jirani humchungulia jirani asije akasinzia kumzidi. Jambo jipya likipendekezwa, hawaulizi kama lina faida. Huuliza: nani atapumzika kwalo, na sisi je?

Machano hakuwa amekwenda huko kutalii. Mdogo wake, Vuai, alikuwa ameingia Makesha kubeba mawe. Kwao waliambiwa Mnarani kuna kazi isiyoisha, na katika yote waliyoambiwa, hilo lilikuwa kweli. Salamu zikaja mara mbili, kisha zikakatika. Sasa kaka mtu amekuja kumchukua, na alikuwa na nia moja tu: atoke naye akiwa hai.

Karibu na tanuri za chokaa Machano na Bwana Mboni walimkuta mtu amelala kando ya njia, kafunikwa gunia. Wanawake wawili wakapita na mawe kichwani.

"Kapumzika huyu," alisema wa kwanza.

"Wenzetu wana bahati zao," alijibu wa pili, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyerukwa kwenye mgawo.

"Jamani, amekufa!" Machano alisema.

"Si ndiyo tunavyosema?" wakamjibu, wakaenda zao.

Bwana Mboni alimweleza habari yote bila haya, kama mtu anayeonyesha bustani yake. Usingizi ukiwa haramu, huuzwa. Huuzwa kwa kete, unga kidogo ndani ya karatasi, mtu ananusa au anachoma, analala. Zamani usingizi ulitoka kwenye ua, lililolimwa bonde la kusini.

"Tukalichoma bonde lote!" alisema Bwana Mboni. "Ushindi mkubwa. Moshi ulionekana mpaka mpakani."

"Na watu wakaacha kulala?"

"Wakazidi."

"Sasa huo usingizi unatoka wapi, kama ua halipo?"

"Wapishi. Wanaupika ndani ya masufuria, vichochoroni. Hauhitaji shamba, hauhitaji mvua. Punje moja yake inamlaza mtu aliyekuwa akihitaji kiganja kizima cha ule wa ua. Halafu wanachanganya. Mpishi anatia chake, mchuuzi anaongeza chake, na kila mtu ana siri yake. Kete mbili za karatasi moja, moja inakulaza mpaka jioni, ya pili inakulaza moja kwa moja." Akakohoa. "Lakini ua tulilichoma."

Watu wa Makesha husahau upesi, maana asiyelala hana mahali pa kuweka kumbukumbu. Basi na tukumbuke kwa niaba yao. Usingizi wa ua ulikuwa na madhara yake, uliwala watu taratibu, na hakuna anayeusifu hapa. Lakini ulijulikana. Aliyeuza aliujua, aliyenunua aliujua, hata anayezika alijua amezika nini. Waliochoma bonde walionywa siku ile ile na wakulima waliokuwa wamesimama majivuni, kwamba kiu ya usingizi haikuota bondeni, imeota Mnarani. Wakulima wakapigwa. Wachomaji wakavishwa nishani, na nishani hizo wanazo mpaka leo, zinang'aa kwenye vifua vyao wanapokwenda mazishini.

Vuai alipatikana uwanja wa nyuma wa Mnara, mahali mawe mabovu hutupwa na kivuli hakikosekani. Machano aliiona kanzu ya mdogo wake kabla ya kuuona uso. Alikuwa amelala chali, mchana kweupe, kichwa chake juu ya mapaja ya mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa na pengo mbele na kitambaa cha manjano kichwani, na mkono wake mmoja umetulia juu ya mbavu za Vuai, ukipanda na kushuka.

Machano alihisi moto ukimpanda. Haukuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

"Ondoa mkono huo," alisema.

"Nikiuondoa nitajuaje kama anapumua?" Mwanamke hakuinua hata macho. "Na wewe nani, unayetuzibia upepo?"

"Mimi kaka yake."

"Ahaa! Machano!" Akacheka, pengo likaonekana. "Mbona alisema kaka yake mrefu? Karibu shemeji. Kaa, lakini kaa kwa adabu, mtu kalala."

"Usiniite shemeji."

Jina lake Mashavu. Hakuwa mke wa Vuai wala hawara wake. Alikuwa kitu ambacho Machano hakuwa na jina lake, kwa sababu kwao hakipo. Walalaji wa Makesha wana desturi moja, na ndiyo iliyowafanya wachache wao wabaki hai tangu wapishi walipoanza kuchanganya. Mlalaji halali peke yake. Humchagua mkeshaji. Mmoja hulala, mwenzake hukaa macho, mkono mbavuni, akizisikiliza pumzi, kisha hupokezana. Kete mpya hainuswi yote, huonjwa kidogo kwanza, wakangoja. Na Mashavu alikuwa na kichupa kidogo shingoni, cha maji ya kuamsha, ambayo ukimtilia puani aliyezidiwa, pumzi hurudi.

Vuai alipoamka alimkumbatia kaka yake, akalia, akacheka, akalia tena. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega inamchoma mtu anayemkumbatia.

"Twende nyumbani," Machano alisema.

"Twende. Lakini sio leo, kaka. Nikikaa bila kete, arosto itanivunja hapo langoni, nitatapika mbele ya maafisa. Mashavu ananipunguzia kidogo kidogo. Nikiweza kusimama, tunatoka. Sote watatu."

"Watatu?"

"Siwezi kumwacha. Huyu mkeshaji wangu."

"Mke unaweza kumwacha kwa siku mbili, huyu huwezi?"

"Mke anaweza kulala, kaka," Vuai alisema kwa upole. "Mkeshaji halali."

Utotoni walilala mkeka mmoja. Vuai alikuwa akikoroma, na Machano ndiye aliyekuwa akimbana pua, akimgeuza ubavu, akimfunika. Nani alimfundisha mtoto yule kulala, kama si yeye? Sasa akaketi juu ya jiwe na kumtazama mwanamke mwenye pengo akimfuta mdogo wake jasho kwa ncha ya kitambaa, bila kuambiwa wapi jasho linaanzia. Alijua. Alijua hata Vuai anajikuna wapi kabla hajajikuna. Machano alitamani mwanamke yule akosee, japo mara moja.

"Unanitazama kama nimekuibia kuku," Mashavu alimwambia.

"Umeniibia zaidi ya kuku."

"Basi nenda kashitaki, shemeji."

Neno la mzaha. Angejua, asingelitamka.

Kesho yake Bwana Mboni alimchukua Machano kwenye Baraza, aone nchi inavyoendeshwa. Siku hiyo walijadili maji ya kuamsha. Nchi ilikuwa nayo, mapipa kwa mapipa, yamefungiwa ghalani, na ruhusa ya kuyatoa ilikuwepo kwa sharti moja: aliyezidiwa aje mwenyewe kuyaomba. Mjumbe mmoja kijana alisimama, akasema kwa woga kwamba aliyezidiwa hawezi kutembea.

"Hakutembea alipokwenda kununua kete?" alijibu Mheshimiwa Kopesa, mwenyekiti, na Baraza likacheka.

Kijana akaendelea. Wanakufa, alisema. Hawafi kwa kulala. Wanakufa kwa sababu hawajui wamepewa nini. Hata wanaowauzia hawajui. Tugawe maji uwanjani, tuwape na njia ya kupima kete.

Hapo Mheshimiwa Kopesa alisimama, macho yake mekundu yakitiririka machozi ya kitunguu, akagonga meza.

"Sisi tunabeba mawe! Tumesimama usiku na mchana! Wao wanalala, wanakoroma, wanaota ndoto, halafu tuwaamshe kwa maji yetu, taratibu, kama maharusi? Wao walale, waamshwe, walale tena! Na sisi? Na sisi nani atatulaza?"

Hakuna aliyecheka. Wajumbe walitazama meza zao, na mmoja, mzee mwenye nishani ya bonde la kusini, aliifunika nishani yake kwa kiganja. Machano alielewa kwamba kila sababu iliyowahi kutolewa katika ukumbi ule, ya maadili, ya nidhamu, ya taifa, ilikuwa shuka tu lililofunika swali hilo moja. Alitaka kuwadharau. Lakini alipojitazama ndani, alilikuta swali lile lile limekaa, limevaa kitambaa cha manjano.

Hoja ya maji ikaanguka. Ikapita nyingine: yeyote atakayekutwa karibu na mlalaji, macho wazi, amemsaidia kulala, na atachukuliwa. Mlalaji mwenyewe asiguswe. Aachwe alivyo, aamke au asiamke, hilo ni lake.

"Nasikia uwanja wa nyuma kuna wakeshaji wengi," Bwana Mboni alisema wakitoka. "Shida ni kuwajua. Wakiona kofia zetu wanakimbia."

Machano alitembea hatua kadhaa. Kisha akasema, "Yupo mmoja mwenye kitambaa cha manjano. Asubuhi huwa sokoni peke yake, ananunua uji."

Bwana Mboni alimtazama kwa heshima mpya, akampigapiga begani. "Unaona? Umekaa nasi kidogo tu, wivu wako umeshakuwa wa kizalendo."

Asubuhi iliyofuata walimchukua Mashavu sokoni, bakuli la uji mkononi. Jua lilipokuwa utosini, Machano alikuwa ameketi pale pale alipokuwa akiketi yeye, mgongo kwenye jiwe lile lile.

"Mashavu yuko wapi?" Vuai aliuliza. Alikuwa anatetemeka, mikono kwapani, pua inamtiririka.

"Sokoni. Atachelewa. Mimi nipo."

"Hii kete ya mpishi mpya. Mashavu alisema tusiiguse mpaka arudi, tuonje kwanza..."

"Nimekwambia mimi nipo. Nani alikuwa akikulaza kabla hujamjua huyo?"

Vuai alimtazama kaka yake, na usoni mwake mlikuwa na aibu ya mtoto anayelazimishwa kuchagua. Labda angengoja. Lakini arosto haina subira na kaka mtu alikuwa amefungua mapaja yake kama mto. Akaifungua karatasi. Akanusa yote.

Usingizi ulikuja haraka kuliko Machano alivyotarajia. Kichwa kikawa kizito mapajani. Na baada ya muda mfupi Vuai akaanza kukoroma.

Machano alitabasamu. Ndiyo sauti ile ile ya mkekani! Nzito, ya chini, inayotokota kooni kama birika linaloanza kuchemka. Sauti ya nyumbani. Alimfukuzia nzi. Wapita njia walipoinua sauti, aliweka kidole mdomoni ili wanyamaze. Aliona fahari mpaka kifua kikauma: mwanamke yule aliweka mkono mbavuni kama mganga, na yeye hahitaji mkono, anasikia kwa masikio yake mdogo wake anavyolala fofofo. Kati ya mkoromo mmoja na mwingine kimya kilikuwa kinarefuka. Akafikiri, sasa anazama kwenye usingizi mtamu.

"We mwehu! Geuza! Mgeuze!"

Mashavu alikuwa anakuja mbio juu ya mawe, kitambaa kimeanguka shingoni.

"Shh," Machano alisema. "Amelala vizuri. Sikiliza anavyokoroma."

"Huko si kukoroma, huko ni kunyongwa!" Alimsukuma Machano kwa bega, akapiga magoti, akamkunja Vuai kichwa nyuma. Midomo ya Vuai ilikuwa rangi ya majivu. Kucha pia. Kimya safari hii hakikukatika.

Mashavu aliibana pua ya Vuai, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Vuai, akapuliza. Kifua kikainuka. Akapuliza tena. Na hata pale, Mungu amsamehe, hata pale Machano alihisi ule moto ukimpanda, kuona mdomo ule juu ya mdomo wa mdogo wake.

"Zamu yako," Mashavu alisema, akihema. "Puliza! Kifua kiinuke. Usipoona kinainuka hujafanya kitu."

Machano akapuliza. Mdomo wa Vuai ulikuwa baridi, na pumzi aliyompa ilirudi usoni kwake bila kubadilika, kama hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mashavu alivuta kichupa shingoni, akatia maji pua moja. Wakangoja, Machano akipuliza. Hakuna. Akatia pua ya pili. Vuai akashtuka, akakoroma kwa ukali, akavuta hewa. Kisha tena, mwenyewe. Midomo ikaanza kupata rangi.

"Vuai! Fumbua macho! Vuai!" Machano alikuwa akimpiga makofi mashavuni.

"Mwache. Hatafumbua."

"Mbona hafumbui? Si ya kuamsha hayo?"

"Kete hii ina vitu viwili, pengine vitatu. Maji yanakishinda kimoja, kile kinachoziba pumzi. Kingine hayakiwezi, kitamlaza mpaka kichoke chenyewe. Sisi tunatafuta pumzi, shemeji. Macho yatakuja yakitaka." Akautia mkono mbavuni. "Na hayajaisha. Maji huchoka kabla ya sumu. Baada ya muda pumzi itataka kuondoka tena, na hapo lazima awepo mtu anayeijua ikianza kuondoka."

"Walikuachia vipi?"

"Askari? Niliwapa kete zangu, wakanirudishia kichupa. Hawana haja ya kuamka wale." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Waliniambia nani kanitaja."

Machano aliinamia midomo ya Vuai, akaitazama rangi yake.

Ndipo waliposikia viatu kwenye kokoto. Kofia za Idara zilikuwa zinaingia uwanjani, na wakeshaji kila upande walikuwa wananyanyuka na kukimbia, wakiacha vichwa vya wenzao juu ya mawe.

"Kimbia," Mashavu alisema. "Una macho meupe, watakuelewa. Mimi siondoki."

"Watakuchukua."

"Wanichukue na mkono wangu ukiwa hapa."

Machano alimtazama mdogo wake, kisha mkono ule, uliokuwa ukipanda na kushuka. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko mahali pa mkono ule. Na alijua, kwa aibu, kwamba yeye akikaa hapo angekosea tena, angesikia nyumbani mahali palipo na kifo.

"Lala," alisema.

"Nini?"

"Lala chini karibu naye. Fumba macho. Hawawagusi wanaolala."

Mashavu alielewa upesi. Alijilaza ubavu, akafunika uso kwa kitambaa cha manjano, na mkono wake ukapita chini ya kanzu ya Vuai, ukatulia mbavuni bila kuonekana. Machano akasimama katikati ya njia.

Bwana Mboni alifika akihema. Alipoona ni nani, alifurahi. "Mgeni wangu! Umemwona yule wa manjano? Katoroka."

"Hayupo."

"Na hawa?"

"Wamelala."

"Nani aliyekuwa nao, macho wazi?"

Kalikuwa ni kajina kadogo alikokaonea wivu tangu siku ya kwanza, na sasa hakuna aliyemnyang'anya.

"Mimi," alisema Machano. "Mimi ndiye mkeshaji wa Vuai."

Bwana Mboni alisikitika kwa dhati. Alimwambia atoe mikono, akamfunga, huku akimlaumu kwa sauti ya chini kama rafiki: mtu mwenye wivu mzuri kama wako! Kisha, kabla hawajaondoka, alisimama kidogo juu ya wale wawili, akawatazama walivyolala kivulini, kitambaa cha manjano kikicheza na upepo; alikiona, lakini anayelala haguswi. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakikuwa kitunguu.

"Wanafaidi hawa," alisema.

Machano akatega sikio. Hakusikia mkoromo. Alisikia pumzi nyepesi, ikaja, ikaenda, ikaja, na kitambaa cha manjano kikatikisika kidogo kwa kila pumzi, kana kwamba aliyelala chini yake alikuwa anahesabu.

"Wanafaidi," alijibu, na wivu ukamchoma kama siku ile ya kwanza. Akatembea mbele ya askari haraka haraka, ili wasigeuke nyuma.